Kamera ya kwanza ya 4x5 kwa dola 800: nianze na mwili au lenzi?

MtoPangani aliandika:

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri wa kamera ya kwanza ya filamu ya vipande, inchi 4 kwa 5. Filamu ya 120 (ya rili) nasafisha mwenyewe, mita ya mwanga ninayo, tripodi ya kubeba kilo 8 ninayo, kwa hiyo hivyo tusiviingize kwenye hesabu.

Kazi yenyewe ni majengo ya zamani, hasa Tanga mjini, Pangani na Mji Mkongwe, ambako mitaa ni myembamba na huwezi kurudi nyuma unavyotaka. Kazi ya pili ni picha za watu, kuanzia kiunoni kwenda juu. Mandhari sana sana si lengo langu kwa sasa.

Bajeti ni dola 800, mzigo ukiwa umeshanifikia mkononi. Naona watu wanataja kamera za reli (fremu zake zinateleza juu ya reli), za kukunja, za waandishi wa habari wa zamani, na zile mpya za mbao kutoka Uingereza. Maswali yangu:

Ipi inafaa kwa majengo na watu kwa pamoja? Lenzi moja ya kuanzia iwe milimita ngapi? Na ni gharama gani ambazo anayeanza huwa hazioni mpaka mzigo umeshafika?

---

FundiShata alijibu:

Karibu mkuu. Chagua lenzi kwanza, halafu tafuta mwili unaoweza kuitumia. Mwili wa 4x5 ni fremu mbili na mvukuto katikati yake. Ukali wa picha hautoki kwenye mwili, lakini mwili usioweza kuipeleka lenzi pale unapoitaka utakufunga mikono hata ukiwa na lenzi bora kuliko zote.

Kwa majengo, namba ya kwanza kuuliza ni upana wa duara la picha. Kila lenzi inamwaga picha ya mviringo nyuma yake, na filamu inakata mstatili ndani ya mviringo huo. Eneo la 4x5 linalopata mwanga ni karibu milimita 95 kwa 120, na mshazari wake ni 153. Lenzi yenye duara la 153 inatosha ikiwa imekaa katikati tu. Ukitaka kuinua lenzi ili jengo liingie lote bila kuinamisha kamera (ukiinamisha, kuta zinaegemeana juu), unahitaji duara kubwa zaidi ya hapo.

Tuchukue mfano wa mtaa wako. Nyumba ina urefu wa mita 10, wewe umesimama mita 10 kutoka ukutani, lenzi iko mita 1.5 kutoka chini, filamu imesimama wima. Kwa lenzi ya milimita 90, kila mita ya ukuta inakuwa milimita 9 kwenye filamu. Paa liko mita 8.5 juu ya lenzi, kwa hiyo linaangukia milimita 76.5 kutoka katikati, na filamu inafika 60 tu. Lazima uinue lenzi. Ukiinua 25, unapata hadi 85: paa limeingia na anga kidogo juu yake. Lakini kona ya filamu sasa iko milimita 97 kutoka katikati ya duara, maana yake unahitaji duara la karibu 195.

Sasa linganisha na lenzi zilizopo sokoni:

Schneider Super Angulon 90 f/8 ina duara la 216. Rodenstock Grandagon-N 90 f/6.8 ina 221. Zote mbili zinaifanya kazi hiyo na kubakiza nafasi. Kwenye 150, Rodenstock Sironar-N f/5.6 ina 214 na Schneider Symmar-S f/5.6 ina 210, nazo zinatosha kabisa, ila kwa 150 nyumba ileile itakubidi urudi hadi karibu mita 17, na mitaa uliyoitaja haina nafasi hiyo. Namba hizi zote ni za tundu la lenzi la f/22. Ukifungua zaidi duara linapungua.

Kabla hujalipa chochote, pita mitaa yako na simu. Kamera kuu ya simu nyingi ina pembe inayokaribiana na 90 kwenye 4x5. Ishike wima, usiielekeze juu hata kidogo, uangalie paa linakatika wapi. Ukikuza mara 1.7 umepata pembe ya 150. Ukiona karibu kila jengo linakuhitaji usikuze kabisa, basi lenzi yako ya kwanza ni 90. Ukiona nusu ya majengo yanaingia kwenye 1.7, anza na 150 kwa sababu itakufaa na kwa watu.

Kuhusu bei, tafuta jina Caltar. Calumet wa Marekani walikuwa wanauza lenzi za Rodenstock na Schneider kwa jina hilo. Caltar II-N ni Rodenstock zilezile, Caltar-S II ni Symmar-S. Glasi ni ileile, jina tu ndilo linaloshusha bei. Lenzi safi ya 150 au 90 yenye shata (kinachofungua na kufunga mwanga) ya saizi ya Copal 0 huwa inazunguka kwenye dola 200 hadi 300.

Mwili: kwa majengo nakushauri kamera ya reli iliyotumika. Cambo SC, Calumet za chuma, Toyo za reli, au Sinar F ukiibahatisha. Studio ziliziuza kwa wingi zilipohamia dijitali, ndiyo maana hadi leo mwili unapatikana kwa dola 150 hadi 250, nao unainuka, unashuka, unainama na kugeuka mbele na nyuma. Kasoro yake ni uzito wa zaidi ya kilo 3 bila lenzi, na haikunjiki vizuri. Kwa mtu wa mjini anayetembea mitaa miwili mitatu, hilo linavumilika.

Ile ya mbao uliyoisikia ni Intrepid, inatengenezwa Brighton. Ina karibu kilo 1.2 na inatumia bodi (bamba linaloshika lenzi) za Linhof Technika ambazo zinapatikana kila mahali. Ni kamera nzuri kwa anayepanda mlima. Kwako ingekula nusu ya bajeti ili kukupunguzia uzito ambao si tatizo lako kubwa.

---

MamaNegetivu alijibu:

Naongezea kuhusu zile za waandishi, kwa sababu zitakujia nyingi kwenye matangazo na bei yake inavutia. Crown Graphic na Speed Graphic za Graflex ni imara, zinajifunga zenyewe kama kisanduku, na mara nyingi zinauzwa pamoja na lenzi. Speed ina shata ya pili ya pazia mbele ya filamu inayofika 1/1000, kwa hiyo unaweza kutumia hata lenzi isiyo na shata. Crown haina pazia hilo na ni nyepesi zaidi.

Kwa picha za watu ni kamera nzuri mno. Kwa majengo ya wima ina tatizo ambalo wauzaji hawalitaji: mgongo wake hauzunguki. Ukitaka picha ya wima unailaza kamera yote ubavu. Ukishailaza, kule kuinua lenzi kunageuka kuwa kusogeza kulia na kushoto, na kile kisogezo cha pembeni, ambacho ni kifupi, ndicho kinachobaki kuinua. Hesabu ya FundiShata ya milimita 25 hapo haitimii.

Angalia pia lenzi inayokuja nayo. Kodak Ektar 127 f/4.7 ni kali katikati lakini inafunika 4x5 kwa shida, haina cha kuinua. Optar 135 ni hivyohivyo. Tessar na Xenar za 150 zinafunika vizuri zaidi, ila nazo hazikupi nafasi kubwa ya kusogea.

Mimi kwenye 90 dhidi ya 150 naegemea 150 kwa anayeanza, mkuu. Picha ya f/8 kwenye kioo cha ukungu (kile cha nyuma unachotazamia) ni hafifu, kona zinakuwa giza, na ndani ya kichochoro saa kumi na moja jioni utahangaika kuona kama ukuta uko sawa na mstari wa kioo. Ukijifunza na f/5.6 mkono unazoea haraka. Lakini kama simu imekuambia 90, sikubishii.

---

Kalipa alijibu:

Wenzangu wamemaliza ya kuchagua, mimi nitaje ya kukagua, maana kifaa cha miaka 40 hakinunuliwi kwa picha tatu za tangazo.

Mvukuto. Unakaguliwa kwenye chumba cheusi kabisa. Toa kioo cha nyuma, ingiza tochi ndogo ndani, vuta mvukuto wote, izungushe kamera polepole ukitazama kwa nje. Vitundu huwa kwenye kona za mikunjo, si kwenye bapa. Vitundu vitano sita vinazibika: changanya gundi nyeupe ya mbao na rangi nyeusi ya akriliki, paka kwa brashi nyembamba kwa ndani, acha mvukuto ukiwa umevutwa mpaka ukauke. Ukiukunja gundi ikiwa mbichi mikunjo inagandana, na siku ya kuuvuta utachanika. Vitundu vikiwa kila kona usihangaike, mvukuto huo umekufa. Piga bei ya mpya ndani ya ofa yako.

Muuzaji akiwa mbali, mwombe apige picha hiyo ya tochi. Anayejua anachouza hakatai.

Shata. Hapa watu wanaogopa sehemu isiyo na tatizo. Ukiwa na filamu ya ISO 100 kwenye jua kali unapiga f/22 kwa 1/50, f/32 kwa 1/25. Kivulini unashuka hadi nusu sekunde na zaidi. Spidi za 1/250 na 1/500 utazigusa mara chache, na zikiwa zimechelewa kidogo hutajua. Unazohitaji ni kuanzia 1/60 kwenda chini, na hizo ndizo zinazokwama kwa sababu grisi imeganda kwenye gia za spidi ndogo. Mwombe video yenye sauti: sekunde 1, nusu, robo, 1/8, 1/15. Sekunde moja lazima isikike gia ikizunguka kwa mwendo mmoja hadi mwisho. Ikisita katikati au ikihitaji kusukumwa, shata inataka kufunguliwa na kusafishwa. Usikubali ushauri wa kumwagia petroli au mafuta ya cherehani: uchafu unaondoka leo na kutua kwenye bati za shata, zikagandana kabisa.

Kwenye shata za Compur za zamani kuna mambo mawili. Kama unataka spidi ya juu kabisa, iweke kabla hujavuta wenzo wa kukaza, kwa sababu ina springi yake ya ziada. Ukiilazimisha baada ya kukaza unaweza kuvunja. Na usiguse kile kiwenzo cha kujipiga picha mwenyewe, alama yake ni V. Hicho kikikwama, shata yote imekwama.

Lenzi. Ifungue shata kwenye T au B (alama za kuiacha wazi), tundu likiwa wazi, mulika tochi kutoka nyuma kwa pembe. Utando unaofanana na moshi kati ya makundi mawili ya glasi si tatizo: kundi la mbele na la nyuma yanafunguka kwa mkono kama kifuniko cha chupa, unafuta kwa pombe ya maabara, unarudisha. Nyuzinyuzi zinazotawanyika kama mizizi ni kuvu, nasi wa pwani tusiichezee hiyo, inakula rangi ya glasi na unyevu wetu unailisha. Vidoadoa vyeupe kwenye ukingo wa ndani wa Schneider ni rangi nyeusi iliyobanduka; ni vibaya kwa macho, kwenye picha havifanyi kitu, na vinakupa sababu ya kushusha bei. Ukiona duara la upinde wa mvua pembeni, gundi kati ya glasi imeachia. Likiwa dogo linatumika, lakini lipa kidogo.

Halafu bodi. Tundu la Copal 0 ni milimita 34.6, Copal 1 ni 41.6. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku. Na bodi za kampuni moja haziingii kwa nyingine: Sinar ni 140 kwa 140, Cambo 162 kwa 162, Toyo za reli 158 kwa 158, Technika 96 kwa 99. Mwili ukija bila bodi, fundi wa alumini anakukatia, ila mpelekee bodi halisi au pima fremu kwa kalipa (kile kipimo cha taya), halafu paka nyeusi isiyong'aa upande wa ndani. Bati linalong'aa linarudisha mwanga kwenye filamu na picha inapauka.

Mtego wa mwisho: lenzi za enlaja (mashine ya kukuza na kuchapia picha). Rodagon 150 au Componon 150 inatangazwa kama lenzi ya kamera kubwa kwa dola 80. Glasi ni safi, lakini haina shata. Kama kwenye picha huoni pete ya spidi, uliza kwanza.

---

MtoPangani aliandika:

Asanteni sana, nimezunguka na simu. Majengo mengi ninayoyataka yananidai 90, hilo limeisha.

Nimepata tangazo, naomba mlipime. Cambo SC, lenzi Schneider Angulon 90 f/6.8 kwenye Compur, bodi yake, holda (vibebeo vya filamu) 3. Dola 420 bila usafiri. Muuzaji anasema mvukuto mzima, spidi ndogo "zinachelewa kidogo", na ameongeza kipande cha plastiki cha fresnel kwenye kioo cha ukungu ili kona ziwe angavu. Niingie?

---

FundiShata alijibu:

Mwili ndiyo, lenzi hapana.

Soma jina lake tena: Angulon, si Super Angulon. Ni lenzi mbili tofauti kabisa. Angulon 90 f/6.8 ni ndogo, nyepesi, ilitengenezwa iingie ndani ya kamera za kukunja, na duara lake ni 154. Mshazari wa filamu ni 153. Imebakiza milimita moja. Kwa mandhari inafaa sana, kwa paa la nyumba yako haikupi kitu: ukiinua 25, kona mbili za juu zinakuwa nyeusi. Lenzi yenye f/6.8 unayoitaka wewe ni Grandagon-N au Caltar II-N, zile zenye glasi kubwa inayochukua filta ya milimita 67.

Mwombe akuuzie Cambo na holda bila lenzi. Akikubali kwa 220 au 230 umepata. Lenzi ukanunue kwingine.

Kuna jambo la Cambo na 90 ulijue mapema. Mvukuto wa kawaida ni mrefu, ukiukandamiza hadi milimita 90 unajaa na kuwa mgumu. Picha ya mbali utaifokasi, lakini ukijaribu kuinua lenzi milimita 25, mvukuto unaisukuma fremu irudi, au unaipindisha kidogo bila wewe kuona na upande mmoja wa picha unakosa ukali. Unahitaji mvukuto wa mfuko, ule laini usio na mikunjo. Uliopita mikononi unapatikana kwa dola 60 hadi 100. Uingize kwenye hesabu leo, usiseme utaununua baadaye, kwa sababu bila huo 90 yako imefungwa.

Fresnel ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Muulize ameiweka upande gani wa kioo. Uso uliosagwa wa kioo lazima uangalie lenzi, na ukae palepale filamu itakapokaa. Kwa holda za 4x5 kipimo ni inchi 0.197, kama milimita 5 kamili, na uvumilivu wake hauzidi 0.18. Fresnel ikiwa nyuma ya kioo, upande wa macho yako, haibadilishi chochote. Ikiwa imechomekwa mbele, kati ya lenzi na kioo, imekisukuma kioo nyuma kwa unene wake. Plastiki ya milimita 1.5 inakirudisha kioo 1.5, na kwa kuwa mwanga unapinda ndani ya plastiki, fokasi inarudi nyuma kwa nusu milimita. Kosa linalobaki ni milimita 1.

Kwa jengo lililo mbali ukiwa kwenye f/22 hutaliona. Litakusubiri kwenye picha za watu. Lenzi ya 150, mtu yuko mita 2, f/5.6: milimita 1 kwenye filamu ni karibu sentimita 15 mbele ya kamera. Umefokasi macho, ukali umekwenda nyuma ya masikio. Watu wengi wanailaumu lenzi hapo na kuiuza.

Graflex za zamani ziliwekewa fresnel mbele tangu kiwandani na fremu ikachongwa kwa unene huo, kwa hiyo hizo usizitoe. Cambo haikuchongwa hivyo. Toa, weka nyuma ya kioo, bana kwa klipu.

Kupima ukishaipata: toa lenzi, laza kamera uso juu. Weka rula ya chuma juu ya fremu ya mbele, au kitu chochote kilichonyooka kisichocheza. Ingiza holda yenye filamu mbovu, vuta slaidi (kifuniko cha holda), shusha kijiti chembamba kikiwa kimegusa rula hadi kiguse filamu, weka alama kwa wembe. Toa holda, kioo kirudi mahali pake, shusha kijiti kilekile. Alama zikipishana kwa unene wa kadi ya simu, una kazi ya kufanya. Usikikandamize kijiti kwa nguvu, filamu inabonyea na kukudanganya.

Spidi "zinachelewa kidogo" kwa lenzi usiyoinunua tuachane nazo.

---

MtoPangani aliandika:

Nimeelewa, namwandikia sasa hivi anitolee lenzi. Sasa hesabu yangu: mwili 230, lenzi ya 90 kama 250, mvukuto wa mfuko 80, jumla 560. Imebaki 240. Inatosha kwa mengine?

---

MamaNegetivu alijibu:

Inatosha ukiipanga, lakini usafiri usiuchukulie kirahisi. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na nauli yake, na ushuru wa forodha una hesabu yake kabla ya hapo. Kamera ya reli ni nzito, kwa hiyo nauli ndiyo inayokuvimbishia kila kitu kinachofuata. Mwambie muuzaji aitoe fremu zote kwenye reli na kuilaza reli pembeni. Boksi likiwa fupi, bei ya kurier inashuka kuliko ukiipakia ikiwa imesimama.

Vitu vidogo unavyovihitaji kweli ni vichache. Holda: 3 zinazokuja zinabeba vipande 6, zinatosha kuanzia. Fidelity, Lisco, Riteway, Toyo, zote sawa. Kagua kitambaa cha mdomoni pale slaidi inapoingilia; kikiwa kimelala, mwanga unaingia ukivuta slaidi na unapata mstari mweusi wa moto kwenye negetivu, daima upande uleule. Waya wa shata, dola 10. Kitambaa cha kujifunika usiagize: kaniki mbili zikishonwa pamoja na nyeupe ya marekani kwa juu ili jua lisikuchemshe, umemaliza. Lupu ya kukuza mara 4 hadi 8 inatosha, yenye nguvu zaidi inakuonyesha chengachenga za kioo badala ya picha.

Filamu ndiyo itakayokula hiyo iliyobaki, kwa hiyo usianze nayo. Anza na karatasi ya kuchapia. Boksi la 8x10 ukilikata mara nne unapata 4x5 kamili, ila punguza milimita 2 kwenye urefu na 2 kwenye upana, kwa sababu filamu halisi ni ndogo kidogo kuliko jina lake, karibu 100 kwa 125. Karatasi isiyopunguzwa inapinda ndani ya holda na kukosa fokasi katikati. Ihesabu kama ISO 6: jua kali, f/22, theluthi ya sekunde. Unafanyia kazi chini ya taa nyekundu, unaona kila hatua, na vitundu vya mvukuto, holda mbovu au kioo kilichokaa vibaya vyote vinajitokeza kwa bei ya karatasi. Picha itakuwa na weusi na weupe mkali, weka filta ya njano mbele ya lenzi utulize.

Filamu ya eksirei nayo inatumika kama bado inapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya hospitali ulipo. Ya saizi 24 kwa 30 inatoa vipande vinne. Angalia tarehe, na ujue ina dawa pande zote mbili, kwa hiyo inachubuka ikisuguana na chombo. Weka kioo safi chini ya trei na usafishe kipande kimoja kimoja.

Ukifika kwenye filamu yenyewe, Fomapan 100 ni ya bei nafuu na inakuja vipande 50 kwa boksi. Ina ubaya wake kwa majengo ya ndani: mita ikisema sekunde 1 unaipa 2, ikisema 10 unaipa 80. Ilford FP4 Plus haina njaa kiasi hicho. Kwa ndani ya misikiti na magofu ningelipa zaidi niipate hiyo.

Kupakia gizani: shika kipande kikiwa wima, vijikato vya ukingoni viwe kona ya juu kulia chini ya kidole chako cha shahada. Hapo upande wenye dawa unakuangalia wewe, na ndio unaotazama nje kwenye holda. Slaidi ikiwa na upande mweupe nje, filamu bado haijapigwa. Ukishapiga, rudisha mweusi ukiwa nje. Upande mweupe una vinundu unavyovisikia kwa kidole hata gizani.

Dawa unaijua tayari kwa 120. Kwa vipande tafuta fremu ya MOD54, inaingia kwenye tanki la Paterson la rili tatu na kusafisha vipande 6 kwa lita 1. Maji ya bomba ya pwani yanafika nyuzi 28, muda wa dawa unakuwa mfupi mno na vipande vinatoka na mawimbi. Yashushe hadi 24 kwa chupa za barafu kwenye beseni. Filamu ya HP5 Plus ndani ya dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji 1+1, ya dakika 13 kwa nyuzi 20, hapo inakuwa kama 9, na hizo unaziweza bila presha.

---

Kalipa alijibu:

Moja tu la mwisho kama filamu italetwa na mtu anayesafiri. Aibebe mkononi, asiiweke kamwe kwenye begi la kukabidhi, mashine za huko chini zinaiunguza. Viwanja vingi sasa vina mashine za CT hata kwa mizigo ya mkononi, kwa hiyo aombe ikaguliwe kwa mkono. Boksi la filamu ya vipande halina kopo wala rili, na afisa asiyelijua atataka kulifungua aone ndani. Bandika karatasi juu yake kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi anayotoka, kwamba ni filamu ambayo haijapigwa na haifunguliwi kwenye mwanga. Tepu ya kiwandani isiondolewe.

Na ukishaipokea Cambo, kabla hujafunga 90 kwenye bodi, angalia pete ya nyuma ya kubania. Wauzaji wanaisahau kila mara, lenzi inafika bila pete na bodi ipo. Mwombe athibitishe kwa picha leo, wakati bado hujalipa.